Kugombea namba kwenye timu ya kikapu yenye gadi wengi: mwongozo kwa kijana anayesugua benchi

Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21, alichaguliwa wa pili katika drafti ya NBA, usiku ambao timu za ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Wengi hapa nyumbani wanaukumbuka usiku ule kwa ajili yake. Mimi ninayefundisha gadi naukumbuka pia kwa kilichofuata: Minnesota Timberwolves walikuwa na chaguo la tano na la sita, wakachukua gadi wa kupanga mashambulizi wawili mfululizo, Ricky Rubio na Jonny Flynn, na Stephen Curry, gadi mwingine, akasubiri hadi chaguo la saba. Hata kwenye ligi kubwa kuliko zote, mrefu ni adimu na gadi wanapangana foleni.

Kwenye timu zetu foleni hiyo ni ndefu zaidi. Kijana wa mita 1.75 akiingia uwanja wa Don Bosco Upanga na viatu vyake begani, hakuna anayemuuliza anacheza wapi. Anaambiwa akasimame na gadi. Nimewahi kuwa na kikosi cha vijana 14 ambacho tisa kati yao walikuwa gadi. Nimeona wenye vipaji wakiacha mchezo wakiwa na miaka 17 kwa uchungu wa benchi, na nimeona wa kawaida wakipanda kutoka nafasi ya saba hadi kuanza mechi. Waliopanda walikuwa wanafanya mambo ambayo mtu yeyote anaweza kufundishwa. Nayaandika hapa kwa mabinti na wavulana sawasawa.

Kwa aliye mgeni na maneno yetu: namba moja ndiye anayeleta mpira na kupanga mashambulizi, namba mbili ni mwenzake wa pembeni, mara nyingi mpigaji. Wote wawili ni gadi.

Hatua ya kwanza: hesabu dakika zilizopo

Kabla hujalalamika kwamba huchezeshwi, jua kuna dakika ngapi za kugawana. Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, mechi ina robo nne za dakika 10, na uwanjani kuna watu watano. Hizo ni dakika 200 kwa timu nzima. Nafasi mbili za gadi zina dakika 80 tu.

Sasa tuseme timu yako ina gadi sita kwenye orodha ya mechi ya watu 12. Nahodha, namba moja, anacheza dakika 30. Mpigaji wa kwanza naye 30. Zimebaki 20. Kocha hazigawi 20 hizo kwa watu wanne, tano tano kama pipi za harusi. Anawapa wawili, gadi wa tatu na wa nne, kwa sababu mtu akiingia dakika mbili na kutoka hapati hata kuzoea kasi ya mechi. Gadi wa tano na wa sita wanaingia pale tu timu inapoongoza au inapofungwa kwa pointi 25.

Kwa hiyo ukiwa wa sita, mtu unayegombea naye namba si nahodha. Ni gadi wa nne. Vijana wengi wanapoteza msimu mzima wakijilinganisha na nyota wa timu, wakijaribu kupiga chenga kama zake mazoezini, huku yule wa nne akiendelea kula dakika zake kumi taratibu. Mwangalie huyo. Ana nini ambacho kocha anakipenda? Na nini anakifanya vibaya kila wiki?

Chukua daftari na kwa mechi tatu andika mambo mawili tu: gadi wa kwanza alitolewa saa ngapi ya mchezo, na kwa nini. Utaona milango ni ile ile. Mwisho wa robo ya kwanza, nahodha anapohitaji kupumua. Baada ya faulo ya pili ya mapema. Wapinzani wanapoanza kukaba uwanja mzima. Na sekunde za mwisho za robo, kocha anapotaka mpigaji wa ziada au mkabaji wa ziada. Chagua mlango mmoja na uuandae.

Payton Pritchard wa Boston Celtics ni mfano mzuri wa milango hii. Msimu wa 2022–23 mbele yake walikuwepo Marcus Smart, Derrick White na Malcolm Brogdon, wote gadi wa kuanza timu yoyote. Smart akauzwa Memphis mwaka 2023, nafasi ikafunguka kidogo. Kwenye fainali za 2024 dhidi ya Dallas, kocha alikuwa akimwingiza mwishoni mwa robo kwa ajili ya shuti moja. Mechi ya pili alifunga kutoka mbali robo ya tatu ikiisha. Mechi ya tano akafunga kutoka katikati ya uwanja kipindi cha kwanza kikiisha. Mwaka uliofuata, 2025, akatwaa tuzo ya mchezaji bora wa akiba wa NBA.

Hatua ya pili: zungumza na kocha, ila ujue namna

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo vijana wengi wanapojiharibia.

Usiende baada ya kufungwa. Usiende mbele ya wenzako. Usimtume mama wala baba kupiga simu kuhusu dakika. Mzazi akipiga simu kuhusu ada, ugonjwa au nauli, hiyo ni haki yake, lakini akipiga kuhusu dakika, kuanzia siku hiyo kocha atakuwa anamwona mzazi kila akikutazama wewe. Na usiandike chochote kwenye kundi la WhatsApp la timu. Nenda siku ya mazoezi ya kawaida, mapema, wakati kocha anapanga koni.

Msalimie kama unavyomsalimia mkubwa wako, kisha uulize jambo linalojibika. “Shikamoo kocha. Samahani, naomba dakika mbili. Ni kitu gani kimoja nikikirekebisha utaniamini kuniingiza dakika nne?” Linganisha na lile swali tulilolizoea: “Kocha, mbona sichezi?” Hilo la pili linamlazimisha ajitetee, na mtu anayejitetea hakufundishi.

Makocha wengi watakujibu “wewe jitume tu.” Jibu hilo halina madhara ila halina kazi. Usiondoke nalo. Mrudishe kwa upole kwenye kitu kinachoonekana: “Sawa kocha. Kati ya kukaba na kutunza mpira, kipi kinakutia wasiwasi zaidi nikiwa ndani?” Akishachagua, una kazi ya wiki mbili. Baada ya wiki mbili rudi: “Kocha, uliniambia napitwa kirahisi upande wa kushoto. Nimekuwa nikilifanyia kazi. Umeona tofauti?” Kocha akiulizwa hivyo, atakutazama kwa makini mazoezi yanayofuata, hata kama hakuwa amekusudia. Nasema hili kama mtu aliyewahi kuulizwa. Nilimtazama kijana yule kwa wiki nzima kwa sababu nilitaka kumpa jibu la kweli, na Jumamosi nikamwingiza.

Hatua ya tatu: mpira usipotee mikononi mwako

Dakika nne ni mashambulizi saba hivi kwa timu yako, labda nane. Ukipoteza mpira mara mbili katika saba, umetupa zaidi ya robo ya kazi uliyopewa, na mpira uliopotezwa na gadi huwa unaishia kwa leyapu, shuti rahisi la chini ya kikapu, upande wa pili, kwa kuwa nyuma yako hakuna mtu. Ndiyo maana kocha anamvumilia gadi asiyefunga lakini hamvumilii anayepokonywa.

Wanaokupokonya hawafanyi uchawi. Wana sehemu zao. Sehemu mbaya kuliko zote ni pembe iliyopo mara tu unapovuka mstari wa katikati karibu na mstari wa pembeni: huwezi kurudi nyuma ya mstari wa katikati, huwezi kwenda pembeni, na una sekunde nane tu za kuuvusha mpira, kwa hiyo wapinzani wanajua utafika pale kwa haraka. Wanakusukumia huko makusudi, kisha wa pili anakuja mbio. Kanuni ninazowapa vijana wangu: vuka ukiwa katikati ya uwanja, au angalau mita tatu kutoka pembeni. Usikamate mpira ukiwa pembeni. Maadamu unadunda, uko hai. Ukiona wa pili anakuja na hujavuka bado, rudi hatua mbili nyuma ukidunda kabla hajafika, na mara anapojitoa kwa mtu wake, mwenzako mmoja yuko huru. Mara nyingi ni mrefu aliyesimama katikati. Pasi ya kukatiza uwanja mzima kutoka upande hadi upande isahau kabisa.

Zoezi lake halihitaji vifaa. Omba wenzako wawili, gadi mmoja adunde kutoka mstari wa nyuma hadi katikati dhidi ya wote wawili, kwa sekunde nane. Mara kumi. Kwa mkono dhaifu mara kumi nyingine. Ukiwa peke yako, dunda mpira mmoja kwa mkono wa kushoto kutoka nyumbani hadi uwanjani, kama njia inaruhusu na haina bodaboda nyingi. Nilikuwa na binti mmoja aliyefanya hivyo likizo nzima. Januari hakuna aliyejua tena mkono wake wa asili ni upi.

Kisha jihesabie. Kila mazoezi ya mechi ndogo, andika asisti zako, yaani pasi zilizozaa kikapu, na mipira uliyopoteza. Ukiwa na asisti mbili kwa kila mpira mmoja uliopotea, unaweza kukabidhiwa timu. Asisti zikiwa chache kuliko mipira uliyopoteza, wewe bado ni hasara hata kama chenga zako zinapigiwa makofi.

Hatua ya nne: kaba mpaka wakukumbuke

Kushuti kuna siku njema na siku mbaya. Kukaba kunategemea miguu na nia, na vyote viwili unakuja navyo kutoka nyumbani. Gadi wa akiba anayekaba vizuri anatoa kitu ambacho wanaoanza hawawezi kukitoa kwa dakika 30 bila kuzimia: shinikizo la uwanja mzima.

José Alvarado hakuchaguliwa na timu yoyote katika drafti ya 2021. New Orleans Pelicans walimpa mkataba mdogo wa kupanda na kushuka kati yao na timu ya ligi ndogo. Akajitengenezea kazi yake mwenyewe: anajificha kwenye kona karibu na mstari wa mwisho, gadi wa upinzani anapokea mpira akidhani hakuna mtu, Alvarado anamtokea kwa nyuma na kuuchukua. Kufikia Machi 2022 alikuwa amepewa mkataba kamili, na kwenye hatua ya mtoano mwaka ule alimkaba Chris Paul, mmoja wa namba moja bora waliowahi kutokea, hadi sekunde nane zikamwishia kabla hajavuka katikati.

Usianze na kujificha konani. Anza na haya. Mlazimishe mwenye mpira atumie mkono wake dhaifu kwa kuweka mguu wako wa mbele upande wa mkono wake wenye nguvu. Kifua kiwe mbele yake, mikono iwe wazi, usiipeleke chini kuuchapa mpira. Mikono ndiyo inayozaa faulo, miguu ndiyo inayokaba. Kwenye skrini, yaani mpinzani anaposimama njiani kukuzuia usimfuate mtu wako, gadi wengi chipukizi wanagongana na mrefu na kusimama hapo kama wamefika kituo cha basi. Ukisikia mwenzako anapiga kelele “skrini kulia”, pitisha mguu wa kulia kwanza juu ya skrini, jibane karibu na mtu wako kiasi kwamba hakuna nafasi ya mtu wa tatu kupita kati yenu, kisha ufuate bega lake. Mwenzako asipopiga kelele, mwambie baada ya mchezo. Huo ni wajibu wake.

Jambo moja ambalo halifundishwi vya kutosha: jua hesabu ya faulo kabla hujaingia. Timu ikishafikisha faulo nne katika robo, kila faulo ya kukaba inayofuata inawapa wapinzani mitupo huru miwili. Gadi wa akiba anaingia na moto wake, anamgusa mtu mita 15 kutoka kikapuni, na timu inatoa pointi mbili za bure. Nimewatoa vijana kwa kosa hilo baada ya sekunde 20. Tazama ubao wa matokeo, au muulize anayeandika kwenye benchi: “Tuna faulo ngapi?” Zikiwa mbili, kaba kwa fujo, una nafasi. Zikiwa nne, kaba kwa miguu peke yake.

Hatua ya tano: shuti la baridi

Mazoezini kila mtu anafunga shuti lake la ishirini. Wewe unayetoka benchi utapata shuti moja, ukiwa umekaa dakika 25, misuli imepoa, jasho limekauka. Ni ujuzi mwingine kabisa na unatakiwa kufanyiwa mazoezi kama ulivyo.

Fanya hivi: baada ya kupasha, kaa chini kwa dakika kumi na suruali yako ya mazoezi. Kweli kaa. Kisha simama, kimbia mara moja hadi upande wa pili na kurudi, pokea pasi konani na upige shuti moja la pointi tatu. Moja tu. Andika umefunga au umekosa, ukae tena. Mara tano kwa siku, siku tatu kwa wiki, mwezi ukiisha una mashuti 60 yanayofanana na yale utakayopewa kwenye mechi. Muda wa kukaa utumie kusoma au kuwarudishia mipira wenzako.

Kwa nini konani? Mstari wa pointi tatu uko mita 6.75 kutoka kikapuni, lakini konani unakaribia hadi mita 6.60, na ndipo pasi inapofika nahodha anapoingia ndani na wakabaji wakamfuata. Gadi wa nne hapewi mpira ili aumbe shuti lake. Anapewa kilichobaki, na kilichobaki kiko konani. Chagua mashuti mawili tu kwa msimu: hilo la konani, na moja la ndani kwa mkono wowote baada ya hatua mbili. Mengine yasubiri.

Mitupo huru sina la kuongeza zaidi ya hili: gadi anayekosa mitupo huru hawezi kuwa uwanjani dakika mbili za mwisho, kwa sababu wapinzani watamfaulu yeye.

Hatua ya sita: kuwa kiraka

Kwenye soka tunawaita viraka, wachezaji wanaoshonwa popote penye tundu. Gadi wa akiba naye ajue namba moja na namba mbili kwa usawa, na kwa michoro ya timu ajue kazi za wote watano. Ukiweza kucheza pamoja na nahodha na pia badala yake, dakika zako zimeongezeka bila mtu yeyote kuumia.

Chora mchezo mmoja kila usiku kwenye karatasi: watu watano, mishale yao, nani anaweka skrini, nani anakimbia. Funga daftari uchore tena kwa kumbukumbu, ukianzia nafasi isiyo yako. Ukikwama, umejua pa kuuliza kesho.

Fred VanVleet alipanda kwa njia hii. Baada ya miaka minne katika chuo cha Wichita State, drafti ya 2016 ilipita bila jina lake kutajwa. Toronto Raptors walimchukua wakati tayari wana Kyle Lowry, Cory Joseph na Delon Wright. Msimu wa kwanza alicheza kidogo sana, akapelekwa mara kwa mara timu ya ligi ndogo, Raptors 905, waliotwaa ubingwa wao mwaka 2017. Joseph akahamishwa, na msimu uliofuata VanVleet akawa kiongozi wa kikosi cha akiba kilichokuwa kikiwatesa watu. Si mrefu, na hakuwa na kasi ya kutisha. Aliweza kucheza pembeni ya Lowry, na aliweza kucheza Lowry akiwa amekaa. Kwenye fainali za 2019 kocha Nick Nurse alimkabidhi Curry amfuate kila aendapo huku wengine wanne wakikaba eneo, na mechi ya sita, iliyoleta ubingwa, alifunga pointi 22, kati yake 12 robo ya nne.

Hatua ya saba: benchi ni kazi

Kaa karibu na kocha msaidizi, usikae mwisho wa benchi na maji yako. Mtazame gadi unayeweza kuingia kumkaba: anapenda mkono gani, anashuti baada ya kudunda mara ngapi, anachoka wapi. Kila taimauti simama upande ambao unaona ubao wa michoro. Kila baada ya dakika tano inuka unyooshe nyonga na vifundo vya miguu, hasa kwenye viwanja vyetu vya saruji ambavyo havisamehi kifundo kilichopoa. Kocha akigeuka, akukute unatazama mchezo. Nikiri kitu: mara nyingi nimegeuka benchi bila kujua namtaka nani, na nikamchukua yule aliyekuwa tayari amefungua zipu.

Dakika nne zenyewe

Umeitwa. Ripoti kwenye meza ya wasimamizi wa mechi, subiri mchezo usimame, na kabla hujaingia muulize unayempokea: “Namkaba nani?” Mnapoteza pointi nyingi kwa swali hilo kutoulizwa.

Shambulizi la kwanza la wapinzani, mguse mtu wako kwa kifua kwa namna halali mara tu anapopokea, ajue amebadilishiwa mkabaji. Mkipata mpira, toa pasi ya kwanza iliyo rahisi, kimbilia konani, utanue uwanja. Usipige shuti la kwanza unaloliona ila kama uko huru kabisa. Ukiwa huru kabisa, lipige bila kusita, kwa sababu gadi anayekataa shuti la wazi anawafunga wenzake wanne pia. Zungumza. Itaje skrini, taja sekunde zilizobaki. Sauti yako isikike hadi benchi.

Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wale wanne uliowakuta wamechoka. Kimbia wewe kwenye mpira uliolegea, rudi wewe wa kwanza kukaba, mwondolee nahodha mzigo wa kuleta mpira ili apumue akiwa bado ndani. Ukikosea, usimtazame kocha. Kutazama benchi baada ya kosa kunachukua sekunde moja, na sekunde hiyo mtu wako ameshakupita. Kosa la pili hutokana na la kwanza kwa njia hiyo, nimeliona mara zisizohesabika.

Tafuta dakika nje ya timu

Hakuna mazoezi yanayolingana na kucheza. Kama Jumamosi ulicheza dakika tatu, Jumapili nenda kacheze 3x3, kikapu cha watatu kwa watatu. Mchezo ni dakika 10 au pointi 21, saa ya shambulizi ni sekunde 12, timu ina watu wanne tu pamoja na wa akiba, kwa hiyo utagusa mpira kila shambulizi na hakuna pa kujificha kwenye kukaba. Umekuwa mchezo wa Olimpiki tangu Michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021, na kwa gadi ambaye hajafika mita 1.80 ni shule nzuri kuliko zote. Mabonanza ya mtaa, ligi za shule, mechi za jioni na watu wazima wanaokupiga viwiko: nenda kote, mradi kocha wako anajua na mwili unapata siku moja ya kupumzika.

Mwenzako wa namba ile ile

Atakuwa rafiki yako, pengine mnatoka mtaa mmoja na mnapanda daladala moja. Gombaneni uwanjani na mgawane mlichojua nje ya uwanja. Mwombe abaki nusu saa mkabane mmoja kwa mmoja. Anayekukaba kila siku ndiye anayekujua kuliko kocha. Siku anayocheza vizuri, mpongeze kwa sauti. Na usishangilie kosa lake hata moyoni, kwa sababu siku mkichezeshwa pamoja mpira wako wa mwisho unaweza kuwa mikononi mwake. Nimeona timu zikioza kutokana na gadi wawili wasiopeana pasi.

Wakati wa kuhama

Jipe msimu mzima wa kufanya haya kwa uaminifu. Ukifika mwisho, umeuliza, umerekebisha, umerudi kuuliza, na bado uko wa sita nyuma ya gadi wenye umri kama wako wasioondoka, kuhama si usaliti. Kaa kama walio mbele yako wanamaliza shule au chuo mwaka huu, au kama unajifunza kwa kasi mazoezini. Ondoka kama hujagusa mpira katika mazoezi ya mechi kwa miezi, au kama umehamishiwa kazi za kudumu za kubeba maji na mipira. Usihame kwenda kwenye timu yenye jina kubwa zaidi na gadi wanane. Nenda uwanjani mapema, uwatazame wakifanya mazoezi mara mbili, uhesabu gadi wao kama ulivyohesabu wa kwako.

Hakikisha uhamisho haukuvurugi shule, uliza kipindi cha usajili cha ligi, na upate barua ya kuruhusiwa ukiwa bado mnasalimiana vizuri. Mwambie kocha ana kwa ana. Rudisha jezi ikiwa imefuliwa, na umuage yule uliyekuwa ukigombea naye namba kabla hajasikia kwa wengine.